Mlinzi wa Gamba la Pandu

Kwenye kidimbwi cha mwambani waliishi kaa wale wanaojisitiri ndani ya magamba ya konokono. Desturi yao, likipatikana gamba kubwa, hujipanga kwa ukubwa wakahama pamoja, kila mmoja akiingia alimotoka mwenzake.

Siku hiyo wa kutangulia alikuwa Pandu, ambaye gamba lilimbana hata kupumua taabu.

"Toka basi, sote twakungoja wewe," alisema jirani yake, Mize.

"Nitoke uniibie? Na hili jipya lisiponifaa, nirudi wapi?"

Machoni pake kila mtu mwizi. Akalikokota gamba jipya mpaka pangoni kwa Pweza. Pweza havai gamba, aliwaza, ataiba la nini?

"Bwana Pweza, nilindie langu nikijaribu hili."

"Ondoa shaka, ndugu yangu. Halitaguswa."

"Pandu, usivue hapo!" Mize alipiga kelele.

"Wivu huo," alijibu Pandu, akavua.

Pweza akamla palepale, na ahadi yake akaitimiza: gamba hakuligusa. Mize alilikuta mlangoni mwa pango, halina hata mkwaruzo, akalivaa.