Kitambaa Chekundu

Marathoni yake ya kwanza ilikaribia, na kila wiki Sikitu alifukia chupa ya maji mbali zaidi, akifunga kitambaa chekundu kijitini asipasahau. Leo alifika ulimi umegandamana na kaakaa. Pale chini ya kijiti palikuwa na majivu, na plastiki iliyoyeyuka.

“Umefuata uchawi wako?” alifoka bibi mmoja mlangoni pa kibanda, kata ya maji mkononi. “Nimeufukua nikauchoma!”

“Si uchawi, bibi. Nafanya mazoezi ya mbio. Nionee huruma, nakufa kwa kiu.”

“Mtu mzima akimbie mpaka huku, hafukuzwi?”

Sikitu aligeuka kutazama njia aliyopitia, kana kwamba kweli alikuwa akifukuzwa. Bibi naye akatazama, huku kata ikimwagika miguuni pake.