Sahihi ya Injinia Shemweta

Ripoti ilimchukua Injinia Nasra Shemweta miezi minne, lakini sentensi moja tu ndiyo iliyomkera mkurugenzi. Ilisema kwamba transfoma kubwa ya kituo cha mjini, ile inayolisha hospitali na mitaa yote ya bondeni, ibadilishwe kabla ya msimu wa joto.

"Andika baada ya miaka mitatu," mkurugenzi alisema, akimsogezea kalamu. "Wakubwa wanasubiri laini mpya ya umeme ya mkoa. Hiyo transfoma haijawahi kutuangusha."

"Mzee, jana nilikwenda kuikagua. Ikifika adhuhuri huwezi kuisogelea kwa joto, na harufu ya kuungua inafika mpaka getini."

"Injinia, joto ni la kila mwaka. Mvua zitaipoza."

Wenzake waliokuwa mezani waliinamia karatasi zao. Nasra aliwatazama mmoja mmoja, akitumaini kwamba angalau mmoja angekohoa. Basi akayakata maneno yake mwenyewe, akaandika "miaka mitatu" juu yake, akatia sahihi.

Mkurugenzi alishukuru, akaagiza chai. Kabla haijaletwa, taa zilififia, zikarudi, zikafifia tena. Watu wakacheka kidogo, kama wanaocheka msibani. Nasra alikwenda dirishani. Kule bondeni, upande wa hospitali, kunguru walikuwa wameinuka wote kutoka kwenye nyaya. Walizunguka na kuzunguka angani, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kutua.