Mbolea ya Kibanja

Felicitas alikuwa amekwisha kujitwisha kikapu cha mbolea mama mkwe wake alipotokea kwenye migomba na kumzibia njia.

Mbolea ya kibanja, shamba la nyumbani, ni chakula cha migomba; haitoki kwenda rweya, kule kwenye nyasi tupu walikopewa wanawake wa kijiji cha ujamaa walime matikiti. Mke anayeiba mbolea hurudishwa kwao.

“Tua.”

Akatua. Mama mkwe akapiga goti, akazamisha mkono kikapuni mpaka kwenye kiwiko. Mvuke ukapanda, na harufu ya samadi.

“Ndiyo unayoweka kwenye matikiti?”

“Ndiyo, mama. Nisamehe.”

Mama mkwe akamwaga kikapu chote chini. Felicitas akafumba macho, akingoja kufukuzwa.

“Hii bado ina moto. Itaunguza mizizi.”

Alipofumbua macho, mama mkwe alikuwa ameinamia lundo la samadi kando ya migomba, anafukua chini kabisa kwa mikono mitupu, anatoa mbolea nyeusi iliyopoa na kuijaza kikapuni.

“Maboga yangu ya kule rweya yalikufa hivyo hivyo, nilipokuwa bibi harusi,” alisema bila kugeuka. “Haya, njoo ufukue. Baba mkwe wako asije akatukuta.”