Kipimo Sebuleni

Siku ya tano hiyo tangu mke wa dereva arudi kutoka kumuuguza dada yake, na bado hakutaka mumewe akae naye hata kochi moja. Watoto aliwapeleka kwa bibi yao. Sababu dereva aliijua: lori lake ndilo lililoleta kinu kidogo cha nyuklia cha kufua umeme wa hospitali, na mtaa mzima ulishambandika jina la Baba Mionzi.

Leo uvumilivu ulimwishia. Aliazima kipimo cha mionzi kazini, akasimama katikati ya sebule na buti zake.

"Mama watoto, leo tutajua mbivu na mbichi."

Akakipitisha kifuani, viganjani, hadi kwenye soli. Kimya.

"Umeona? Mimi msafi kuliko sahani zako."

"Nimeona. Kizime basi."

Akacheka, akamfuata kipimo kikiwa mkononi. Hatua ya pili kikalia. Hatua ya tatu kikalia bila kupumzika.

Mkewe alirudi nyuma hadi ukutani, akajishika koo palepale palipovimba tangu mwaka jana.

"Kwa dada sikufika," alisema. "Nililazwa. Dawa ya uvimbe huu niliyonyweshwa ina mionzi, bado imo mwilini. Nani alikuambia nakuogopa wewe?"