Ukucha wa Mama

Mama alimshika mkono binti yake, akapitisha ukucha juu ya ngozi, polepole, kutoka kiwiko kushuka chini. Mtoto aliyetoka kuchezea bwawani ngozi humkauka, na ukucha ukipita huacha mstari mweupe. Katika nyumba ile mstari huo haukuwa na rufaa.

Leo haukutokea. Ukucha uliteleza tu. Binti alikuwa amelowa mafuta mpaka ndani ya masikio.

"Tangu lini wewe ukajipaka mafuta bila kufukuzwa?"

"Nimekua, mama."

Hapo akaingia baba mtu, fundi cherehani ambaye hata kopo la mafuta hajui linakaa wapi. Aliwapita kimyakimya, shingo inameremeta kama sufuria mpya.

"Baba watoto, hebu simama hapo."

Akasimama. "Nilikuwa namwangalia tu asizame."

"Unamwangalia ukiwa wapi?"

Fundi alitazama dari. "Ndani."

"Si nilisema bwawa lile mwiko?"

"Ulisema, mke wangu. Lakini liko njiani kwenda shule, na siku akiteleza, mwiko wako hautamshika mkono. Nilimfunga kamba kiunoni, nikaishika mwenyewe. Sasa anaelea."

Mama naye hupita kando ya bwawa lile kila aendapo sokoni, roho mkononi. Alichukua kopo la mafuta, akalifungua, akachungulia ndani.

"Haya hayatatosha watu watatu," alisema.