Usigeuze, Nahodha

"Dada, nigeuze au niendelee?" nahodha wa kivuko aliuliza redioni.

Mtabiri wa hali ya hewa alikodolea macho kompyuta. Asubuhi yeye mwenyewe alitangaza bahari shwari, na mama yake akapanda kivuko hicho. Sasa mawimbi marefu kama nyumba yalikuwa yakikijia.

Kikigeuka, yangekipiga ubavuni. Kikiendelea, dhoruba ilikisubiri mbele.

Alibonyeza kitufe cha redio.

"Usigeuze, kaka. Yakabili mawimbi kwa omo, mbele kwa mbele, upunguze mwendo."

"Sawa. Abiria wamejazana hapa kwenye usukani, wanalia."

Nyuma ya nahodha, katikati ya kilio, mtabiri akaitambua sauti ya mama yake.

"Nyamazeni jamani! Huyo anayesema ni mwanangu. Huwa hakosei."