Njia ya Profesa Kimondo

"Hapa tunakata kushoto," Kétsia akasema, kidole chake kikiwa juu ya ukurasa. "Kapiteni wa kitabu alikata kushoto kwenye jiwe lililopasuka. Jiwe njo hili."

Wenzake wakaliangalia jiwe. Lilikuwa limepasuka kweli. Nyuma yao kijiji chao, Muheto, kilikuwa kinaungua, barabara kubwa ilikuwa imejaa wenye bunduki, na milio ya risasi iliwafuata kutoka kilima kimoja hadi kingine. Wakakata kushoto.

Usiwacheke. Ukikimbia bunduki, hata kuku akikuonyesha njia utamfuata. Lakini kitabu chenyewe, jamani! Ni hadithi ya mwanamke kapiteni, rubani wa chombo cha anga, anayekimbizwa na mashine kutoka nyota nyingine, toka Muheto kupitia porini mpaka Buleusa. Hakina mchapishaji. Mwandishi alikitoa mwenyewe, kurasa za fotokopi zilizoshonwa kwa uzi mweusi, na kopi zake zilizunguka Masisi kwa pikipiki pamoja na jibini. Kwenye jalada kulikuwa na jina moja tu, Profesa Kimondo, na hakuna aliyejua ni nani huyo. Kétsia alisoma vitabu vyake vyote. Mtu akija kwake kununua maharage, alirudi nyumbani na maharage na kitabu cha kuazima, atake asitake.

Mgongoni alikuwa amembeba mwanawe, Astrid. Mtoto alikuwa na homa kali, na kila pumzi aliivuta kwa taabu. Kituo cha afya kilichobaki wazi kilikuwa Buleusa. Wasipofika kabla ya giza, Astrid hatafika. Kétsia alilijua hilo na hakumwambia mtu.

"Mama Astrid," akasema jirani yake, Mama Colette, "hicho kitabu kinasema bantu banaruka angani ndani ya sufuria!"

"Kuruka ni uongo. Njia iko ya kweli. Muntu ataandika jiwe namna hii bila kuliona?"

Kando yake alitembea Papa Zéphyrin, fundi nguo wa Masisi, aliyejiunga nao njiani. Mzee huyo alikuwa ameacha vyote nyumbani, akabeba cherehani begani. Alikuwa anahema vibaya.

"Na vile vita vya kule angani, ndani ya kitabu," akamwuliza Kétsia, "uliviona namna gani?"

"Papa, hii si saa yake."

"Najua, mama. Lakini uliviona namna gani?"

"Nililia. Nikarudia kusoma, nikalia tena."

Mzee akageuza uso na kujifuta. Kétsia alidhani ni jasho.

Wakakuta kibanda cha wachungaji kisicho na paa, kama kitabu kilivyosema. Kisha wakakuta chemchemi ya maji ya moto. Kila alama ilipotokea watu walitembea kwa nguvu zaidi, hata Mama Colette akaanza kuuliza, "Na kisha? Kapiteni alienda wapi?" Mvua ikaanza. Astrid akaacha kulia, na kule kunyamaza kukamtia Kétsia hofu kuliko risasi.

"Sasa tunashuka mpaka mtoni," akasoma. "Kuna daraja la kamba za msituni, limefungwa kwenye miti miwili mikubwa. Ng'ambo yake ni Buleusa."

Papa Zéphyrin akakaa chini kwenye matope.

"Mama, tusishuke. Daraja haiko."

"Kitabu kinasema iko."

"Ni mimi njo niliandika hicho kitabu." Akaitua cherehani. "Hapa kwenye chemchemi nilifika nikiwa kijana, nikitafuta jibini. Mbele ya hapa sijafika hata siku moja. Ile daraja niliitunga nyumbani. Kapiteni alikosa pa kupita, nikamupa daraja."

Kétsia akamgeukia.

"Na ulinyamaza?" Kétsia akauliza. "Tangu jiwe, ulinyamaza tu?"

"Miaka yote naandika, sijakutana na muntu aliyesoma. Wewe ulikuwa unakishika kile kitabu kama mutoto. Nikasema, pengine Mungu atatufungulia. Nisamehe, mama."

Kétsia alimchukia. Alitamani kumpiga kwa hicho hicho kitabu mpaka kichanike. Lakini kumpiga mzee hakutamponya Astrid. Kurudi ni kufa, kukaa ni kumzika mtoto, na mto, hata bila daraja, ulikuwa mbele. Akaanza kushuka. Wengine wakamfuata, wakishikana mikono kwenye utelezi, na Mama Colette akamtukana fundi toka kwake mpaka kwa babu yake. Mzee alishuka wa mwisho na cherehani yake, hakujitetea.

Wakausikia mto kabla ya kuuona. Maji yalikuwa mekundu, yamejaa, yakikokota miti mizima. Kétsia akapiga magoti, akaanza kusali kwa sauti.

"Wee mama! Unasali na daraja iko hapa?"

Ng'ambo alisimama mwanaume mwenye panga, akiwapungia mkono. Mbele yake, juu ya maji, kamba za msituni zilining'inia kutoka mti mkubwa hadi mti mkubwa, bado mbichi, zikichuruzika utomvu.

"Mwenye mutoto atangulie! Buleusa iko hapo juu tu!"

Kétsia akavuka akikimbia, hakuangalia chini wala nyuma. Alipofika katikati, Astrid akakohoa, kisha akalia kwa nguvu.

Papa Zéphyrin akavuka baada ya wote. Akamshika yule mwanaume mkono, akashindwa kuuachia.

"Nani alijenga hii daraja?"

"Kujenga? Hapana, Papa, hatukujenga. Sisi pia tulikimbia na kitabu cha Profesa Kimondo. Tulipofika tukakuta maji yamebeba ile daraja ya kitabu, tukairudisha tu pale ilipokuwa."